Sauti Iliyobaki Garini

S.L.P. 41,
Manga, Nyamira.
12 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Nyabuto,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Japani? Na mkeo Sachie hajambo? Baridi imepungua? Sisi tu wazima, na presha ya mama imetulia. Simu yako haipatikani tangu katikati ya Februari, ndiyo maana nimeshika kalamu kama enzi zako za shule ya bweni. Usinicheke mwandiko.

Mvua imewahi mwaka huu na majani chai ni mengi. Sabato iliyopita walikuulizia kanisani.

Sasa gari. Lile kuukuu ulilotutumia bado linapanda mlima wa Manga bila kulalamika, ila zile raba za bushi za mbele zimekwisha. Ukikata kona linagonga kama mtu anayebisha hodi. Fundi Mogire wa Kisii anauliza kama bushi za gari la aina nyingine zitaingia. Wewe ndiwe unayelijua.

Jambo la pili ni yule mwanamke anayeongea Kijapani ukiwasha gari. Ulitueleza kwamba anadai kadi ya barabara za kulipia za huko, na kwa miaka kumi mama amekuwa akimjibu kwamba kadi hatuna. Mwezi jana spika zilianza kukwaruza. Mogire akafungua dashibodi, akang'oa redio na kile kisanduku cha sauti yake. Vyote ninavyo hapa kabatini, nimevifunga kwa gazeti.

Jumanne ya wiki jana nilikuwa nikimpeleka mama kliniki. Tulipofika ile kona ambapo Kisii huonekana kule chini, mwanamke akaongea. Hakudai kadi. Aliongea polepole, maneno mengi, kama anayezungumza na mtu aliyeketi karibu. Nikasimamisha gari, nikazima injini. Akaendelea. Nyabuto, niliogopa.

Mogire amekagua nyaya zote na kutoa spika za milango. Anasema hakuna kilichobaki humo cha kutoa sauti. Je, kuna spika nyingine iliyofichwa mahali? Naomba iwepo.

Kwa sababu neno moja tulilielewa. Alisema, "Kemuma." Alilisema mara mbili.

Unajua hapa hakuna anayemwita mama kwa jina lake hilo. Hata marehemu baba alimwita Mama Edinah. Ni Sachie tu, maana ulisahau kumfundisha adabu za mkamwana kabla ya simu ile ya kwanza, na mama akacheka, akakataa asirekebishwe.

Mama hakushtuka. Tulipofika kliniki akaniambia, "Muulize Nyabuto kwa nini amezima simu." Tangu siku hiyo, kila asubuhi anakaa garini, mlango wazi, injini haijawashwa, anasikiliza. Chai yake inapoa mezani.

Ya bushi utanijibu ukipata nafasi. Nijibu hili kwanza: Sachie yuko wapi? Kama umebeba jambo peke yako, ndugu yangu, litue.

Shemeji yako Haron na shangazi Jacinta wanakusalimu. Mungu akushike mkono hapo ulipo.

Mama aliniambia niandike kwamba anamsalimu Sachie. Kisha akasema nifute. Sijafuta.

Dada yako akupendaye siku zote,
Edinah