Kichupa cha Kwenda Maabara

Jiskapampa, 14 Februari 1996

Mdogo wangu Hilarión,

Hujambo? Mkeo na watoto wazima? Sisi tupo, ila llama watatu zizini wanaharisha.

Dereva wa basi atakukabidhi kichupa. Usishtuke, ni kile kinundu cha unyayoni mwangu, ulichokuwa ukikicheka, ukisema nimeota kidole cha sita. Tangu mwaka jana nilipokanyaga viazi vilivyogandishwa na baridi, kuvikamua maji viwe chuño, kinatoka damu, na kimekua upesi. Daktari wa zahanati amekikata. Anasema huenda ni chunjua, huenda ni kitu kingine, maabara ndiyo ijuayo. Kipeleke siku hiyo hiyo, uniletee karatasi. Nakutegemea wewe.

Dada yako, Basilia

Oruro, 3 Machi 1996

Shikamoo dada,

Hatujambo, isipokuwa magoti yangu. Kanivali hii nimecheza ngoma ya mashetani siku mbili mfululizo, na kile kinyago ni kizito ajabu!

Kichupa nilikipeleka. Wamesema chunjua tu. Karatasi nitakuja nayo mwenyewe. Acha kujitia hofu, utazeeka bure.

Mdogo wako, Hilarión

Jiskapampa, 25 Agosti 1996

Mdogo wangu,

Hujambo? Nimekuandikia mara mbili, kimya. Kinundu kimerudi pale pale, kikubwa kuliko mwanzo, na kinenani nina mtoki usiouma. Mwaka huu viazi vyangu wamenikanyagia majirani.

Daktari anataka karatasi. Nilimwambia ni chunjua, akaniuliza, "Kasema nani, mama, maabara au mdogo wako?" Nilimkasirikia. Nilikutetea, Hilarión. Nakuja Oruro.

Dada yako, Basilia

Hospitali, Oruro, 30 Septemba 1996

Hilarión,

Salamu sina. Binti wa maabara amepekua daftari la Februari na la Machi, ukurasa kwa ukurasa. Jina langu halimo.

Wamepima upya. Ni saratani ya tezi za jasho. Daktari ameiona mara mbili tu maishani, na anasema wengi huidhani chunjua. Wangejua mwezi wa pili, wangekata tena, wakachukua na ngozi nzima ya pembeni, huenda ningerudi nyumbani kwa miguu yangu. Sasa watakata mguu chini ya goti, na mitoki yote ya kinenani. Hata hivyo hawaniahidi kupona.

Umenidanganya miezi saba. Kichupa ulikipeleka wapi?

Basilia

Oruro, 1 Oktoba 1996

Shikamoo dada yangu,

Kilifika Ijumaa, maabara imeshafungwa kwa kanivali. Nilikiweka klabuni kwetu, penye mavazi ya ngoma. Jumatano ya Majivu sikukiona tena. Niliona aibu kukuambia. Nikajisemea, si chunjua tu? Halafu kadiri wiki zilivyopita ikawa vigumu zaidi kukiri.

Niruhusu nije nikuuguze. Nikufulie, nikubebe. Ninakaa mitaa minne tu kutoka hapo.

Mdogo wako, Hilarión

Hospitali, Oruro, 9 Oktoba 1996

Hilarión,

Mguu ulikatwa Jumatatu. Nilipozinduka, muuguzi alikuwa ameshika vichupa vyenye mitoki. "Mama, ndugu yako yuko wapi avipeleke maabara?"

Nilimwambia sina ndugu mjini hapa.

Vimepelekwa na mume wa mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu nisiyemjua hata jina. Alirudi na risiti chai yangu haijapoa.

Usije.

Basilia