Pora Asiyemeza Ulezi

Makambako, majira ya baridi

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na wote mnaoota moto hapo jikoni wakati barua hii inasomwa. Nawe Festo mdogo wangu, soma polepole, usiruke mistari kama ulivyoruka ile barua ya Pasaka, maana habari zako nilizipata. Mama, mgongo unaendeleaje? Mahindi mmeshayaingiza ndani? Mimi mwili wangu ni mzima, ninalima na kula vizuri. Kilichonifanya nishike kalamu si ugonjwa.

Huku baridi imetushika kweli. Umande unaganda juu ya majani, na viazi vya bondeni vimeungua kama vilivyomwagiwa maji ya moto. Ukungu ndio umezidi. Malori ya Songea tunayasikia yakinguruma njia panda bila kuyaona, na mtu akikusalimu njiani unaitikia kwanza, ndipo unamtambua ni nani. Nautaja ukungu kwa sababu mambo nitakayokueleza yalianzia humo.

Unajua kwamba mume wangu Luka aliondoka na lori la watu walioandikishwa kwenda kukata mkonge Tanga. Wenzake wa lori lile walirudi mvua zilipokatika, yeye hakurudi. Walisema alihamishiwa shamba jingine, lakini hakuna aliyejua ni lipi. Nilikwenda kwa miguu mpaka bomani Njombe kuuliza, karani akaniambia nikae nisubiri. Basi nikarudi kusubiri pamoja na mama mkwe. Yeye husubiri kwa masikio. Kitu kikigonga au kikitikisika nje, huinua mkono ili tunyamaze.

Sasa sikia habari ya kuku. Jogoo wetu mkubwa aliliwa na paka-mwitu, akabaki pora mmoja tu, wa yule kuku mweupe ambaye Luka alimwacha akiatamia siku anaondoka. Habari za mapora ulinifundisha wewe, mama. Uliniambia pora ni kama kijana anayevunja sauti, kila kitu anakijaribu na hakuna anachokiweza. Kwa hiyo alipoanza vituko vyake mimi nilikuwa nacheka.

Jioni moja alipanda kizingitini akanyoosha shingo ili awike. Kuwika kukashindikana. Ikatoka sauti kavu, fupi, ikakatika, kisha ikarudi mara ya pili. Mama mkwe akaangusha kata ya maji.

"Luka," akasema.

Mama, sikudanganyi, kilikuwa kikohozi chake. Luka habishi hodi kwake. Hukohoa mara mbili pale mlangoni ili aliye ndani ajue ni yeye. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari umeshapiga hatua kwenda kumpokea. Kisha nikaona mkia wa kuku kwenye ukungu, nikacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyofaa. Mama mkwe hakucheka.

Tangu siku hiyo akawa hamwachi pora yule kwa macho. Pora akainamisha bawa la kushoto, akaliburuta chini na kuzunguka kigoda cha Luka.

"Yusta, mwanangu, umeliona bega lile?"

"Ni bawa, mama. Ndivyo wanavyotongoza mitetea."

"Mimi sikuulizi habari za mitetea. Nakuuliza, anatembea kama nani?"

Luka alibeba magogo tangu utoto, na bega lake la kushoto limeshuka. Siku nyingine pora aliingia ndani, akakodolea macho koti la Luka lililotundikwa ukutani, akatoa ule mlio wa kuonya kwamba mwewe yuko angani. Kuku wote nyumbani wakajibana chini, kimya. Mwewe hakuwako. Mapora huogopa hata jani likianguka, hilo nalijua, lakini siku ile na mimi nilijikuta nimechutama nyuma ya chungu.

Hapo mama mkwe akasema atampima. Kwao kuna desturi, na sijawahi kuisikia kwetu. Aliyechelewa safarini humwagiwa ulezi kizingitini, ili kama ni yeye aliyerudi ijulikane amerudi vipi. Mwenye mwili hula, asiye na mwili hugusa tu. Akamwaga ulezi. Pora akaja mbio, akaokota punje, akaita ko-ko-ko, akaiangusha. Akaokota nyingine, akaiangusha vilevile. Mitetea wakaja wakala ulezi wote mbele yake, naye hakumeza hata punje.

"Umeona?" mama mkwe akaniuliza taratibu, machozi yakimtoka. "Mwanangu anagusa tu."

Akajifunga kanga akaenda kuwaita wakubwa. Akaja Samweli, kaka yake Luka, yule aliyefiwa na mkewe, pamoja na mzee wa kanisa. Walizungumza uani huku mimi nikiwapikia viazi, na nilisikia kila neno. Kilio kianze Jumamosi. Yusta anyolewe nywele. Msiba ukiisha, Samweli amchukue, kwa kuwa ni mjane na Samweli naye hana mke. Samweli ni mtu mpole, sina ubaya naye. Aliinamisha kichwa muda wote. Lakini mama, niliwaka hasira mpaka mwiko ukanidondoka. Nilitoka nje bila kuitwa.

"Mnamzika mume wangu kwa ajili ya kuku?"

"Binti, taratibu," mzee wa kanisa akasema.

"Pora hamezi mbele ya mitetea! Anaita ili waje, anawaonyesha kwamba yeye ni dume. Wafungieni mitetea bandani, mmwage ulezi akiwa peke yake, muone kama hatakula mpaka kifuko cha shingo kijae."

Mzee wa kanisa akakubali, nadhani alifurahi kupata njia ya kutoka. Mama mkwe akanitazama sana.

"Akimeza, nitanyamaza," akasema. "Asipomeza, utanyamaza wewe."

Nikaitikia haraka. Nilikuwa na hakika, mama, kama nilivyo na hakika ya jina langu.

Asubuhi yake ukungu ulikuwa mzito, hata banda hatukuliona vizuri. Mitetea walifungiwa wote, nilihakikisha mwenyewe. Tukasimama uani watu wanne, ulezi umemwagwa katikati. Pora akatoka. Akatazama huku na huku, akaokota punje moja. Hakuimeza. Akatembea nayo mdomoni, pole pole, akampita mama mkwe, akampita Samweli, akaja mpaka nilipo mimi. Akashusha bawa la kushoto. Akanizunguka akiliburuta, kisha akaiweka ile punje juu ya mguu wangu, akasema ko-ko-ko kwa sauti ya chini sana, akaniangalia kwa jicho moja.

Na hapohapo, mama, nikaelewa nilipokosea. Yule kuku mweupe alikufa vifaranga wakiwa wadogo, nao wakafa, akabaki huyu mmoja, nikamlea kwenye kikapu kando ya moto, nikimlisha uji. Kuku aliyelelewa hivyo hajui kwamba mtu ni mtu. Nilikuwa nimewafungia mitetea wote isipokuwa mmoja. Nikafungua mdomo nieleze. Ningewaambia nini? Kwamba anadhani mimi ni mke wake?

Samweli alikuwa ameshafunika uso kwa mikono. Mama mkwe alikuwa anavuta pumzi ya kupiga ukelele wa kilio. Nikainama, nikaiokota ile punje, nikaitia mdomoni, nikameza.

Ukelele haukutoka. Mama mkwe alikuja akapiga magoti kwenye tope, akanishika mikono yote miwili.

"Amelishwa na mumewe, na amekula," akawaambia wale wawili. "Huyu bado ana mume, hana wa kumrithi."

Mzee wa kanisa alivaa kofia yake akaondoka bila kutuombea. Samweli alinishukuru kwa macho. Kwa hiyo kilio hakikuwekwa, na nywele zangu ninazo.

Ninachotaka kukuuliza wewe uliyenizaa ni kwa nini nilikula. Mchana najiambia nilifanya hila ili nisigawiwe kama shamba. Nikikaa peke yangu sina uhakika. Ile punje ilikuwa ya moto, mama. Asubuhi ya baridi ile, punje ya ulezi iliyolala chini ilikuwa na moto kama iliyotoka mkononi mwa mtu.

Festo, nakuomba nenda kwa wale vijana wa Liganga waliorudi kutoka kukata mkonge, uwaulize habari za mtu anayeitwa Luka wa Makambako, mwenye bega moja lililoshuka. Jibu lolote utakalopata, lilete mwenyewe kwa miguu yako. Usiliandike.

Huku watu hawanisemi vibaya. Nikienda kisimani wanawake wananiamkia, "Kamwene," kwa heshima ambayo zamani sikuipata. Wananipisha njia, lakini wananipisha pana, ya watu wawili. Nami siku hizi napita upande wa kulia tu, wa kushoto nauacha wazi.

Nisalimie baba mkubwa na kidonda chake cha mguu, shangazi anayefinyanga vyungu, dada yangu na huyo mtoto mpya ambaye sijamwona, na bibi, mpigieni kelele sikioni asikie jina langu. Mungu awafunike.

Ni mimi binti yako,
Yusta, mke wa Luka