Digrii Uliyoitunga Mwenyewe

Mama mpendwa,

Meza imerudi kuwa yangu. Tangu uende Rombo hakuna anayeiwania, hakuna wa kunisukuma kwa kiwiko akisema, "Sogea kidogo, Mwaitu, hata mimi niko na homework." Nilidhani nitafurahi. Nimekaa hapa tangu asubuhi, upepo wa hapa Noonkopir unapiga mabati, na mbele yangu kuna fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu. Sina cha kuandika juu yake. Uliijaza mwenyewe kabla ya kuondoka, ukatia na sahihi.

Kuna jambo nataka kukuambia kwa barua, kwa sababu unajua nikianza kuongea sauti yangu hurudi ndani. Nina wivu, Mama. Nakuonea wivu wewe.

Unakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka sokoni Kajiado? Nilikuwa darasa la pili. Ulitandika gunia, ukapanga mikebe ya shanga, ukaniambia nisiseme neno, nitazame tu. Hiyo ndiyo amri niliyoitii kwa urahisi kuliko zote ulizowahi kunipa. Akina mama wa Kimaasai walipofika uliwaamkia "Takwenya," wakaitika "Iko," nami nikainamisha kichwa, kila mmoja akanigusa utosini. Hukuwauliza wanataka rangi gani. Ulimtazama mtu shingoni mara moja, ukajua kama ametoka Matapato au upande wa Loitokitok, na mkono wako ukaenda kwenye mkebe wenyewe. Sisi Wakamba, wageni pale, na wewe uliwasoma watu kama mimi ninavyosoma vitabu.

Usiku huo niliota mikebe. Kesho yake nikaanza kuchora mikufu ile nyuma ya daftari la hesabu, nikachapwa na mwalimu, nikaendelea.

Halafu mwaka jana ukarudi kutoka Nairobi na karatasi mkobani, umeikunja kama kitu cha kuvunjika. Chuo kimoja, ukasema, kinawapa watu wazima waliofanya kazi miaka mingi nafasi ya kujitungia digrii. Unachukua somo la biashara huku, la historia kule, la usanii pengine, unaeleza kwa nini yanakaa pamoja, kisha unajitetea mbele ya walimu. Baba aliweka kikombe chini.

"Digrii ya shanga? Na mimi yangu ya mbuzi nitapewa lini?"

"Ukijua kuieleza, utapewa," ukamjibu.

Kaka Mutua naye hakuachwa nyuma. "Maze, sasa kwa hii nyumba kila mtu ni mwanafunzi. Nani ataosha sufuria?" Wewe ulicheka mpaka ukakaa. Nilioshwa moyo na kicheko kile. Sufuria niliziosha mimi.

Miezi mitatu ulisema, mimi nikaandika. Ulikuwa unakanda chapati huku ukinieleza mkufu wa bibi arusi, nami nikigeuza maneno yako yawe Kiingereza cha kupelekwa chuoni. Barua zote kwa ofisi yao niliziandika mimi. Hata sahihi: "Niwekee, Mwaitu, mikono yangu iko na unga." Naijua sahihi yako, Mama, ule mkia wa mwisho unaopanda juu kama umeshtuka. Na michoro kumi na minne ya faili ile tuliyowaandalia ni ya mkono wangu.

Mchoro wa tisa ndio ulioniponza. Niliuchora peke yangu, bila mfano, nikaweka nyekundu pana kuzunguka mkufu wote kwa sababu niliona inapendeza. Tukaupeleka Kajiado kwa Mama Naserian, rafiki yako wa sokoni, atukagulie. Alipofika ukurasa ule alicheka hadi akajifuta machozi kwa shuka.

"Nani huyu ameacha nyekundu peke yake? Haina hata jirani! Rangi lazima ikatwe, mtoto wangu. Unaweka mstari mwembamba wa rangi nyingine katikati, ndiyo ipumue. Hii yako ni kama mtu amelala barabarani."

Nilitaka gunia linifunike. Njiani kurudi nilikuomba nichane ukurasa ule nichore mwingine. Ukakataa. Ukaniambia nichore ule sahihi kando yake, na chini niandike maneno ya Mama Naserian, yote, hata yale ya mtu aliyelala barabarani.

Ndipo mwalimu mmoja wa chuo, yule wanayemwita Daktari, akaja nyumbani Jumamosi kuona kazi yako. Nilimpa chai, nikasimama karibu na mlango wa jikoni na birika mkononi. Alipekua kurasa nane za michoro akinywa chai. Kwenye wa tisa akasimama.

"Hapa," akasema. "Hapa ndipo mtu anapoelewa. Nani amechora?"

Nilisogea hatua moja.

"Ni huyu msichana wangu," ukasema. "Yeye hupenda tu kuchorachora."

"Vizuri. Na wewe mama, ulijuaje kwamba kosa lenyewe ndilo litakalofundisha?"

Mkazungumza saa nzima. Chai ilipoa kwenye birika nililoshika. Akakuuliza kwa nini usichukue digrii ya biashara iliyo tayari, ni rahisi zaidi. Ukamtazama machoni, wewe unayetetemeka ukiingia benki, ukasema, "Ile iliyo tayari ilikatiwa mtu mwingine. Mimi nikivaa itanibana hapa na hapa." Ukajigusa mabega. Daktari akaandika maneno yako kwenye kitabu chake. Mimi pia niliyaandika, kwenye kitabu changu.

Walipokukubali nyumba nzima iliimba. Kanisani ulisimamishwa mbele, wakakupigia makofi, nami nikapiga hadi viganja vikauma. Nilifurahi, kweli. Lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kingine, kikali, kama maji ya Magadi ukiyaonja kwa ulimi. Niliwaza: na mimi je? Ni nani aliyekaa na mikebe ile miaka yote akitazama?

Sijakuambia mengine. Wiki ile ulipoletewa vitabu vyako vya chuo, nilificha kimoja chini ya godoro siku mbili. Ulikitafuta ukidhani umekisahau sokoni. Nilikisoma chote, kile cha historia ya mapambo, kisha nikakirudisha nyuma ya cherehani ili ukione mwenyewe. Nisamehe. Ni kitabu kizuri sana.

Sasa fomu. Jumapili kabla ya kusafiri ulikaa nayo mezani na kalamu ya buluu. Nikasema nataka Sanaa na Historia. Nilisema kwa sauti ndogo lakini nilisema.

"Sanaa itakupeleka wapi, Mwaitu? Utachora mpaka ulale njaa? Andika Biashara na Fizikia. Usifanye kama mimi, kuanza maisha nikiwa na nywele nyeupe."

Nikajibu, "Sawa, Mama." Ukaandika, ukanibusu kichwani, ukaenda Rombo kuwahoji akina mama kuhusu rangi.

Sikukasirika siku hiyo. Hasira ilikuja Jumatatu, nikiwa darasani. Niliona ghafla kwamba wewe, mwenye miaka arobaini na mitatu, unakaa na watu wanaokuuliza unataka kujua nini, na mimi wa miaka kumi na sita nimeshajibiwa. Na unachosoma ni kile ninachokitaka. Michoro ilianzia mkononi mwangu. Kosa lile lilikuwa langu. Hata wivu wenyewe nauonea aibu, maana ninajua umengoja miaka mingapi, na bado siwezi kuuacha.

Kwa hiyo nimefanya jambo. Nilimwambia mwalimu wa darasa kwamba fomu ya kwanza ilimwagikiwa chai, akanipa nyingine. Nimeijaza. Nimeandika Sanaa mahali pa Biashara, na Historia nimeiongeza. Fizikia nimeiacha hapo hapo ulipoiweka, sikuigusa. Ni ule mstari mwembamba wa Mama Naserian. Nyuma ya karatasi nimeeleza kwa nini masomo haya yanakaa pamoja, ukurasa mmoja, kama walivyokutaka wewe ueleze. Nilifuta mara nyingi. Utaona karatasi imechakaa.

Dereva wa lori la vitunguu anaondoka kesho kuelekea Rombo na amekubali kubeba bahasha hii. Atarudi Alhamisi. Mwalimu anataka fomu Ijumaa. Ndani utakuta zote mbili, yako na yangu. Yako ina sahihi. Yangu haina.

Ningeweza kuiweka mwenyewe, Mama. Nimeiweka mara ngapi, na ule mkia wake wa kushtuka, hata chuo kizima hakikujua. Jana nilishika kalamu juu ya mstari wa sahihi mpaka wino ukadondoka. Doa utaliona, liko upande wa kushoto. Kisha nikaiweka kalamu chini. Nataka uisome kama yule daktari alivyosoma ukurasa wa tisa, halafu urudishe moja.

Vaa sweta, huko karibu na mlima nasikia asubuhi ni baridi. Baba anakusalimu. Sufuria ziko safi.

Mwanao anayekungoja mezani,
Mwaitu