Egzamen Yangu Juu ya Muto

Jambo sana, Mama Masengo, jirani yetu wa Kolwezi!

Toka batufukuze kule juu ya kabila yetu, wewe ukabakia, mi ni matelo hapa Ilebo, navuta kamba za mashua. Leo nilifanya egzamen ya kuwa musaidizi wa kapiteni. Nilipima maji na muti murefu, nikaitia kapiteni metre za maji kwa kuimba, vile bamatelo bote banafanya. Lakini nilishika wimbo wa korali yetu ya kanisa kule Kolwezi! Bamama ndani ya mashua, benye balifukuzwa pamoja na sisi, bakaitikia kwa nguvu, kapiteni hakusikia metre hata moja, mashua ikapanda muchanga, ikakwama.

"Unaongoza mashua ao misa?" kapiteni akauliza.

Nikapima tena, nikaita metre bila kuimba, mashua ikatoka, akanisainia cheti. Tulicheka sana!

Sauti zote za korali zilikuwa pale, mama. Yako tu ndiyo ilikosa.

Mutoto wako,
Kalala