Pale Tulipotua Mizigo

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Milola hatujambo. Babu yako anakohoa kidogo, na mikorosho imechanua.

Unauliza uwaoneshe nini wenzako wa chuo wakija, maana kwetu ni vilima na maji tu. Nami niliona hivyo. Nilikuwa msichana, naenda Rutamba na bibi yangu, kapu la muhogo kichwani, macho njiani nisijikwae. Kwetu wasichana, kutua mzigo kabla ya kufika ilikuwa aibu. Juu ya kilima bibi akaniambia, "Tua."

Nikasema sijachoka.

"Sijakuuliza kuchoka. Tua."

Nikatua, shingo ikawa huru. Ziwa lote lilikuwa chini yetu, viboko wamejilaza kama mawe meusi, mpaka jiwe moja likapiga mwayo. Mbega wakaruka mti hadi mti, mikia mirefu ikiwafuata. Na njia ile nilikuwa naipita tangu utotoni.

Wapitishe hapo. Mimi hadi leo nikifika pale husimama, hata nikiwa sina mzigo. Walio nyuma yangu hudhani bibi kachoka. Nawaacha wadhani.

Bibi yako,
Somoe