Kidonda cha Fundi

Jumatatu, 3 Machi
Sindano nyingine leo. Dawa ya majaribio. Daktari kamweleza tena mume wangu: askari wa mwili wake wamemgeuka, wanayashambulia mapafu, ndiyo maana yanakakamaa. Dawa inawatuliza. Ila wakitulia kupita kiasi ni hatari — tukiona lolote, tuseme.
"Wakilala waacheni walale, daktari. Wamenichosha."
Tulicheka mpaka nesi akachungulia.

Ijumaa, 7 Machi
Hakohoi! Miaka yote namsikia kabla sijamwona. Leo katokea nyuma yangu jikoni, kimya. Nusura niangushe sufuria.

Jumatano, 12 Machi
Karudi karakana! Majirani wanaoleta makochi yao wanamwita Fundi kwa sauti, kama zamani. Msumari umemwingia kiganjani. Kaung'oa, kaendelea kugonga.

Jumapili, 16 Machi
Nimekiangalia kile kidonda. Hakijavimba. Si chekundu, hakina usaha. Wala hakijafunga. Kitundu tu — kama cha kwenye mbao. Nimemgusa paji la uso: baridi. Yeye anapiga mluzi.

Jumanne, 18 Machi
Harufu. Nikadhani panya kafia nyuma ya kabati. Nimesogeza kila kitu, wapi! Akaja kunisaidia, harufu ikaja naye.
Ni mkono. Mstari mweusi umepanda karibu na kiwiko. Kipimajoto kinasema hana homa: askari wake wamelala fofofo.
Nimemwambia twende hospitali, sasa hivi.
"Wataniondoa kwenye dawa, mama watoto. Unataka nirudi kuhema kama mbwa? Hebu niangalie. Naumwa wapi?"
Nimemwangalia. Ngozi inang'aa. Hata siku ya harusi hakupendeza hivi — na hicho ndicho kinachonitisha.

Jumatano, 19 Machi
Nesi kapiga simu kumjulia hali Fundi, nikaipokea mimi. Mgonjwa wetu anaendeleaje? Fundi kakaa mbele yangu, mkono kauficha chini ya meza. Anatabasamu. Akanitikisia kichwa, taratibu: usiseme.
Nikasema, nitakupigia, dada. Nikakimbilia bafuni na simu, hiki kidaftari kikiwa mfukoni. Nimejifungia. Heri niandike kwanza, lolote likitokea lijulikane.
Anagonga. Ananibembeleza, ananiita majina ya tulipokuwa wachumba. Sasa anagonga kwa nguvu — kwa mkono ule! Kila pigo lina mlio wa kitu kilicholowa, na sauti yake haina hata chembe ya maumivu.
Nimempigia nesi. Inaita —