Mama Alivyosema Anajiweza

Walthamstow, London

Kwa dada yangu Salma,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na goti lako limepoa. Hali zetu sisi ngoja kwanza. Nimezoea kukuandikia kwamba hatujambo, hata pale tulipokuwa na jambo zito. Leo sitaki.

Mama hayupo nyumbani kwangu. Yu hai, usishtuke. Wamempeleka nyumba ya wazee, mwendo wa treni mbili na basi, na aliyesababisha ni mimi.

Nilikuficha kwamba tangu Ramadhani akili yake inakwenda na kurudi. Anaacha jiko la gesi wazi. Ananiita kwa jina lako. Na kazi yangu unaijua, nashinda nawaogesha wazee wa watu huku wa kwangu nimemfungia mlango. Nikaiomba council, ile idara yao ya ustawi wa jamii, iniletee mtu wa kukaa naye saa za kazi. Wakasema kwanza atakuja social worker, afisa wao wa ustawi, kumtazama.

Mama aliposikia anakuja mtu wa serikali na karatasi, akili zikarudi zote. Akataka doti mpya ya kanga, akataka udi, akanisimamisha jikoni nipike mkate wa kumimina, mgeni aambiwe kaupika yeye. Unamjua. Tangu wale waliokuja na daftari baada ya Mapinduzi, wakauliza nani analala wapi, wakaondoka na Baba moja kwa moja, hajamwambia mtu mwenye karatasi kwamba ana upungufu wowote.

Yule bibi wa Kizungu alikuwa mpole. Mkalimani ndiye mimi. Akauliza, anaoga mwenyewe?

"Mwambie najiweza," akasema Mama.

Nikamwambia. Akauliza, anapika?

"Muulize, huo mkate anaoula kaupika nani?"

Mgeni akacheka, akaongeza kipande. Kisha akauliza leo siku gani. Mama akajibu Ijumaa, akaniagiza nisisahau kumpigia Baba pasi kanzu ya msikitini. Dada, ilikuwa Jumanne. Nami nikafasiri: "Tuesday." Sikupanga. Niliona haya mzazi wangu aaibike mbele ya mgeni, nikamsitiri.

Barua ikaja kwamba hahitaji msaada.

Wiki ya tatu, niko kazini, akaufungua mlango kwa ndani akatoka na kandambili katika baridi ile, anatafuta njia ya Mkunazini, mtaa wetu wa huko nyumbani. Polisi walimkuta kituo cha treni, vidole vya miguu vimekufa ganzi. Hospitali wakamtibu, idara ikakaa kikao. Nikawaeleza ukweli wote, mpaka ule wa Jumanne. Yule mpole akafungua faili akanisomea maneno yangu mwenyewe, akasema hajui tena lipi ashike, na mpaka ajue, Mama akae nyumba ya wazee. Nilirudi nikamlalamikia binti yangu Nasra kwamba Wazungu hawana huruma. Akanijibu kwa Kiingereza chake, "But Mum, you told them she was fine." Yaani mimi ndiye niliyewaambia hajambo.

Mwezi ujao watamhoji Mama tena, kwa mkalimani wao. Akiwaambia anavyojisikia na kwamba anataka kwangu, watamrudisha na kumpa mtu wa kumwangalia. Akisema hana shida, wataona kaparidhia, basi ndio kakaa huko mpaka mwisho wake.

Jana nimemkuta amekonda. Nyama yao hali, anaishi kwa mkate na chai. Kiingereza kimemtoka chote, limebaki neno la adabu tu. Msichana wa zamu alipomwuliza hali, Mama akajitanda vizuri, akatabasamu: "Fine, thank you." Msichana akaandika. Alipotoka, Mama akanishika mkono kwa nguvu. "Futa machozi," akaninong'oneza. "Wakiona tunalia watakuchukua na wewe."

Dada, ninachokuomba ni kanda. Mimi ananiona mtoto, hanisikii. Jirekodi kwa sauti yako, umwambie hawa si wale wa daftari. Mwambie wakimwuliza panapouma, aseme panauma. Mpe yeyote anayesafiri, posta itachelewa.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu Bi Zuhura aliyetulea, na jirani yetu mshona kofia. Najua watakuuliza, "Mama hajambo huko?" Nawe najua utakachotaka kujibu. Usikijibu. Waambie hali yake si nzuri, na anza leo, ili ukifika kwenye kanda uwe umeshazoea.

Mdogo wako,
Raya